Jinsi ya Kupima Thamani ya Kigari cha Kuchezea cha Zamani

Ukikuta kigari cha chuma katika lundo la mitumba Gikomba au Toi, masoko ya Nairobi, kigeuze kwanza utazame tumboni mwake. Kigari cha Matchbox chenye jina la Lesney, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikivitengeneza hadi ilipofilisika mwaka 1982, huenda kina umri mkubwa kuliko wako, lakini uzee peke yake hauleti bei. Kinacholeta bei ni uchache, hali ya rangi na kuwepo kwa kisanduku chake, ambacho watoto wengi walikitupa siku ya kwanza. Kagua kingo za milango na boneti, mahali ambapo rangi huchubuka mapema, kisha zungusha magurudumu uone kama ekseli imepinda. Usikipake rangi upya kamwe, maana mkusanyaji hulipia rangi ya kiwandani pamoja na mikwaruzo yake.

Jihadhari zaidi na vitu vinavyouzwa tangu mwanzo kama hazina ya baadaye. Wanyama wa kitambaa wa Beanie Babies, waliozinduliwa na kampuni ya Marekani mwaka 1993, walinunuliwa kwa pupa, na bei zao zikaporomoka kwa sababu kila mtu alikuwa amewahifadhi, lebo zikiwa bado masikioni.

Kabla ya kununua, tafuta bei zilizolipwa kweli katika minada ya mtandaoni, si zile wanazotaja wauzaji, kisha upunguze humo ada ya mnada na gharama ya kutuma kifurushi kutoka Nairobi, ambayo kwa kigari cha kawaida inaweza kuipita bei yenyewe.