Tangi la maji ya mvua la lita 6,000: anza na gata (mfereji wa ukingo wa paa)

Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, ina mto Kagera mpakani na ziwa Nakivale ndani yake, na bado ikifika Julai watu wanasukuma baiskeli zilizosheheni jerikani kufuata maji mbali. Mvua ni za misimu miwili, Machi hadi Mei, kisha kuanzia Septemba; Juni hadi Agosti ni kiangazi kikavu. Tangi ninaloeleza hapa ni la saruji na waya, na majirani wanaweza kujengeana nyumba kwa nyumba. Ni la maji ya kunywa na kupikia. Shamba la migomba halinyweshwi kwa tangi la nyumbani, asikudanganye mtu.

Hatua ya 1: Piga hesabu

Pima ukiwa chini eneo linalofunikwa na paa, usipime mteremko wa bati. Mita 5 kwa 8 ni mita za mraba 40. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 25 inaleta lita 1,000. Toa sehemu ya tano kwa yanayoruka nje na kukauka, zibaki 800.

Jerikani tatu za lita 20 kwa siku, kwa siku 92 za Juni hadi Agosti, ni lita 5,520. Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 2 na kimo cha mita 2 linabeba lita 6,280. Ondoa sentimita 10 za juu, penye bomba la kutolea ziada, na 10 zilizo chini ya koki: zinabaki kama 5,650. Yanatosha. Wapo wanaotaka tangi la lita 20,000 chini ya paa la jiko. Litajazwa na nini?

Hatua ya 2: Gata

Hapa ndipo maji mengi yanapotelea, na ndipo watu wanapobana pesa. Vuta kamba kutoka pembe hadi pembe, kisha ishushe sentimita moja kwa kila mita kuelekea tangi. Usizidishe mteremko: gata ikining'inia chini sana upande wa tangi, mvua ya nguvu inairuka. Weka kishikio kila mita. Pigilia ukanda wa bati ubapa kwenye ukingo wa paa, uning'inie hadi ndani ya gata, ili maji yateremke badala ya kurukia uani.

Sasa panda ngazi na jerikani moja, mimina ncha ya mbali, mwenzako akinge upande wa pili. Ukiona kidimbwi kimesimama katikati, kishikio cha hapo kimelegea. Rekebisha leo, mvua haitakungoja.

Hatua ya 3: Mchanga na msingi

Tia mchanga kwenye chupa angavu, ongeza maji, tikisa, acha utulie. Tope likijipanga juu kwa tabaka nene, uoshe au uurudishe. Chimba hadi udongo mgumu, panga mawe, mimina zege la sentimita 10: saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, na wavu wa chuma katikati. Ncha za wavu ziachwe zimesimama pembeni zifungwe na ukuta.

Hatua ya 4: Ukuta

Simamisha wavu wa chuma kwa duara, uzungushie wavu wa banda la kuku, halafu waya wa mabati. Chini zungusha kwa kubana, kwa sababu uzito wa maji unasukuma zaidi huko. Funga magunia ya sukari kwa nje, piga lipu ndani (saruji moja, mchanga tatu), kesho yake vua magunia upige nje. Malizia ndani kwa uji wa saruji. Funika juu, mwanga na mbu wasiingie.

Kisha limwagilie kila siku kwa wiki mbili, likiwa limefunikwa magunia mabichi. Fundi anayekuambia siku tatu zinatosha ana haraka ya kwenda kazi nyingine.

Hatua ya 5: Maji ya kwanza

Baada ya kiangazi paa lina vumbi na mavi ya ndege. Kwa paa hili, mwaga lita 40 za mwanzo. Bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 2, ambalo wengi husimamisha kwa kazi hiyo, linashika kama lita 16 tu. Afadhali bomba la kuingilia liwe la kusogeza kwa mkono, maji ya mwanzo yamwagike nje ya tangi. Ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe klorini.

Nani ajengewe kwanza?

Kikundi kikichanga pesa za saruji, kura huleta manung'uniko. Sheria ninayoipendekeza ni hii: anayefuata ni yule ambaye gata yake imefungwa na imepita jaribio la jerikani. Mawe na mchanga kila mtu akusanye kwake mapema.

Mwishoni mwa Agosti, tangi likiwa karibu tupu, toa tope la chini, sugua ukuta kwa brashi bila sabuni, ziba nyufa kwa saruji, na uondoe majani yote kwenye gata kabla wingu la kwanza halijafika.