Baskeli ya mtumba: tazama fremu kwanza, rangi baadae

Jamani hili nalisema kwa uchungu, mana kila siku mtu ananiletea baskeli keshainunua, pesa keshatoa, ndio ananambia fundi hebu niangalizie. Sasa niangalie nini tena? Kiti, breki, cheni, tairi, vyote hivyo vinabadilishwa na si pesa nyingi, lakini fremu, yaani yale mabomba yenyewe yalounganishwa, ikiwa mbovu umenunua chuma chakavu, na chuma chenyewe utakipanda wewe au mwanao anaekwenda skuli.

Mie yalishanikuta. Nlinunua baskeli moja ya kijani, rangi inang'ara, nkaipenda pale pale, hata kuinama sikuinama. Msimu wa karafuu natoka nayo shamba narudi Wete, gunia keria, na nyie mnaijua Pemba ilivyo, vilima tupu, nimo kwenye mteremko nkasikia "tak!" mara usukani ukawa mwepesi hauna kitu, shingo imeachana na bomba. Bega liliteguka na mvunguni mwa mwembe nlikaa mpaka watu wakapita. Nlipokuja kuitazama ile fremu baadae ndio nkaelewa, pale ilipokatika nusu ilikuwa ya kahawia, kutu ya zamani, na nusu nyengine inang'ara kama kijiko kipya. Maana yake ule ufa ulikuwemo siku nyingi kabla sijainunua, chuma kilikuwa kimeshikilia nusu tu, na ile rangi ya kijani ilipakwa juu yake.

Kwa hivyo ukenda kununua, nenda asubuhi kuna mwangaza, usende magharibi. Chukua kitambaa, sumaku (ile ya spika mbovu inatosha), mshipi wa kuvulia kama mita 3, rula, na simu yenye tochi. Kwanza ifute baskeli vumbi na grisi, mana ufa unajificha ndani ya uchafu, kisha ipindue miguu juu.

Anza shingoni, yaani kile kibomba kifupi cha mbele kinachopitisha foku (ile miguu miwili inayokamata tairi la mbele). Chini yake kidogo, kwa upande wa chini wa ile bomba kubwa inayoteremka kwenda kwenye pedeli, pitisha kidole gumba taratibu huku umefumba macho, kweli fumba macho, kidole kinaona kuliko jicho. Baskeli iliyogonga ukuta au gari kwa mbele bomba hujikunja pale, unahisi kama kimkunjo au kitumbo, na rangi ya hapo huwa na mistari midogo midogo ya kukatika inayozunguka bomba. Ukikuta hivyo iwache, hata kama wanakwambia ni bonyeo tu. Bonyeo la katikati ya bomba, dogo, halina ncha kali, kwenye baskeli ya chuma mara nyingi si neno. La karibu na kiungo ndio khatari.

Kisha nenda viungo vyote: mtalimbo (lile bomba la juu) unapokutana na shingo, mtalimbo na bomba la kiti, pale juu kabisa panapobana kiti (hapa panapasuka sana, khasa kiti kikiwa kimevutwa juu kupita kiasi), kibomba cha pedeli chote mzunguko wake, na yale masikio ya nyuma yanayokamata ekseli ya tairi. Ufa wa kweli na mchubuko wa rangi vinafanana, ntakwambia tofauti yake. Mchubuko una upana, unaona kina chake na unaishia popote. Ufa ni mwembamba kama unywele, unafuata ukingo wa weldi, na mara nyingi una kutu inayotoka kama chozi, unaifuta leo kesho imerudi. Pitisha kipande cha pamba pale, ikinasa nyuzi zake shughulika napo.

Ukiwa bado una wasiwasi fanya hichi nlichofundishwa na mzee mmoja alokuwa akitengeneza mashine za maboti. Paka mafuta ya taa kidogo pale unapopashuku, wacha kama robo saa. Ponda chaki ya skuli iwe unga laini. Futa mafuta yote kwa kitambaa kikavu mpaka paonekane pakavu kabisa, kisha paka ule unga wa chaki juu, halafu mtu mmoja akandamize kiti kwa mikono miwili, aachie, akandamize tena. Kama pana ufa, mafuta yaliyoingia ndani yanatoka pole pole yanalowesha chaki, unaona mstari mweusi mwembamba unajichora wenyewe pale mbele ya macho yako. Mara ya kwanza kuiona nilishangaa. Lakini rangi nzito iliyopakwa juu ya ufa inayazuia mafuta kuingia, basi muombe mwenyewe ukwangue kidogo kwa wembe, na akikataa muage kwa wema.

Na hapa kwenye rangi msihadaike. Nyingi ya baskeli zetu za mtumba zinatoka Japani, na kule tangu 1994 sheria inataka baskeli isajiliwe, inabandikwa stika ndogo yenye maandishi yao na namba, aghlabu kwenye bomba la kiti. Ukiikuta ile stika ipo, imechakaa na rangi ya chini yake ni ile ile ya pembeni, basi kipande kile hakijapakwa rangi tena. Rangi iliyopauka na mikwaruzo ya kweli mie naipenda, inasema kweli. Rangi mpya kwenye baskeli ya zamani, tena sehemu moja tu, khasa shingoni, jiulize imepakwa kwa nini. Pitisha sumaku pale, kwenye chuma inanasa vizuri, ikifika mahali inalegea ghafla ujue chini pana puti, ule uji wa kuzibia mabonyeo kabla ya rangi. (Kama hainasi popote basi fremu ni ya alumini, sio puti.)

Hiyo alumini ina mambo yake. Chuma kikipasuka fundi mzuri anaweza kukichomea kikatumika, alumini ikichomewa bila kupashwa moto tena kwa utaratibu wake inabaki laini pembeni ya weldi, na inachoka kila unavyoipanda hata kwa mizigo midogo, haina kiwango inachovumilia milele kama chuma. Alumini yenye ufa au weldi ya mtaani mie siigusi.

Sasa kutu, na sie tumezungukwa na bahari. Baskeli iliyokaa pwani, inabeba samaki au mwani mbichi, maji ya chumvi yanachuruzika toka keria kila siku, inaoza kutoka ndani na nje unaona safi. Chomoa kiti na kibomba chake kile kinachoingia ndani ya bomba la kiti. Kikiwa hakitoki kabisa hata nati imelegezwa, kimeshikana na kutu. Kikitoka mulika tochi ndani ya bomba, kisha ipindue fremu uigonge kwa kiganja, vikitoka vipande vya kutu kama maganda, sio unga tu, bomba limeshakuwa jembamba. Mahali rangi imefura kama ngozi iliyoungua, kandamiza kwa kidole gumba kwa nguvu, na gonga kwa sarafu: bomba zima lina mlio mkali, lililooza linajibu mlio mzito.

Mshipi ni wa kupima kama fremu imepinda. Funga kwenye sikio moja la nyuma, uzungushe mbele ya shingo, urudishe sikio la pili, uvute ukaze. Pima kwa rula toka bomba la kiti mpaka mshipi, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita 1 au 2 si kitu, ikifika 4 au 5 imeshapigwa hiyo. Foku itazame kwa ubavuni, ikiwa imerudi nyuma hata tairi linakaribia pedeli, imegonga mbele, basi rudi tena shingoni.

Mwisho ipande, sio uwanjani tu pale, zungusha mtaa mzima, simama kwenye pedeli, sikiliza. Mlio wa "kwii" unaokuja kila ukikandamiza mguu ule ule unaweza kuwa nati tu, kaza nati ujaribu tena, ukibaki usinunue mpaka uujue unatoka wapi.

Kisha kabla ya kutoa pesa ipindue mara moja tena utazame namba iliyogongwa, aghlabu ipo chini ya kibomba cha pedeli, uipige picha na muandikishane. Ukikuta pamesuguliwa msasa namba haipo, hapo si suala la ufa tena, huenda ni ya wizi, mrejeshee anaeuza baskeli yake.