Jinsi ya Kumhudumia Mnyama Aliyedhurika kwa Sumu ya Kabamati

Viuawadudu vya kundi la kabamati, kama vile kabarili, methomili na aldikabu, huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, kwenye miisho ya neva, na asetilikolini hiyo inaporundikana, tezi na misuli huchochewa mfululizo. Ukali wake hutofautiana mno: kiasi kidogo sana cha aldikabu huua, ilhali kabarili ina sumu ya wastani.

1. Soma dalili. Mate na machozi hutiririka, mnyama huharisha na kukojoa ovyo, mboni za macho husinyaa, kisha misuli hutetemeka na kulegea. Kinachoua hasa ni kushindwa kupumua, kwa hiyo sikiliza mapafu mapema.

2. Vaa glavu, umwondoe mnyama kwenye sumu. Ikiwa imemwagikia ngozi, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Usimtapishe anayetetemeka au aliyelegea, kwani matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

3. Mpe atropini, dawa inayozuia athari za asetilikolini kwenye tezi na moyo, bila kungoja maabara. Kwa mbwa, daktari wa mifugo huanza na miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa kila kilo ya uzito, robo ikipitia mshipa wa damu na iliyobaki chini ya ngozi, kisha huirudia kadiri hali inavyodai. Hapa wengi hupotoka, kwa sababu hukodolea macho mboni wakisubiri zitanuke, ilhali kipimo cha kufuata ni njia ya hewa kukauka na mapigo ya moyo kurejea kwenye kasi inayofaa. Mitetemo ya misuli haitatulizwa na atropini, basi isikushawishi kuongeza dozi. Kwa ng'ombe, ikizidi husimamisha tumbo la kwanza na kuleta uvimbe wa gesi.

4. Iwapo sumu ilimezwa na mnyama bado anameza vyema, mpe mkaa ulioamilishwa, unaonasa sumu tumboni, gramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito.

5. Weka kando pralidoksimu, dawa ya kukinasua kimeng'enya kutoka kwenye sumu. Huhitajika kwa sumu za oganofosfati, kundi jingine la viuawadudu. Kwa kabamati kimeng'enya hujinasua chenyewe kutoka kwenye sumu, mara nyingi ndani ya saa 24 hadi 48, na kwa kabarili dawa hiyo inaweza hata kudhuru.

6. Chukua sampuli za damu na za vilivyomo tumboni, uzigandishe zile za tumboni na kuitunza damu kwenye baridi. Kwa kuwa kimeng'enya huendelea kujirudisha hata ndani ya chupa, jibu la kipimo cha kimeng'enya kwenye damu linaloonekana la kawaida haliondoi shaka. Kemikali yenyewe ikipatikana tumboni ndiyo ushahidi wa kutegemewa zaidi.