Mhudumu wa treni kakuhudumia vizuri? Mshukuru hivi

Safari ndefu ya treni, kuna mtu kakusaidia kupandisha begi, kakuletea shuka safi, halafu saa tisa usiku kaja kukugongea mlango ili usipitilize stesheni yako, na wewe unashuka kimya kimya tu. Jamani hapana.

Kwanza mwambie pale pale, ila usiishie kwenye asante tupu, taja alichofanya: "Asante sana dada kwa kumtafutia mwanangu maji ya moto." Hiyo inamkaa moyoni.

Pili, na kwangu hii ndo yenye nguvu zaidi, iandikie kampuni. Kabla hujashuka soma jina kwenye beji yake, andika kwenye simu namba ya treni, tarehe, namba ya behewa na ulipanda wapi ukashukia wapi, maana wahudumu wanapokezana zamu njiani na bila hayo ofisini watajuaje ulikuwa na nani? Hujaona jina, sio kesi, behewa na tarehe vinasaidia kumtafuta kwenye ratiba ya zamu. Tuma kwa imeili au fomu ya maoni, sentensi tatu nne zinatosha, na omba kabisa msimamizi wake ajulishwe.

Tipu uliza kwanza, kuna kampuni zinakataza, utamponza bure. Picha yake usiirushe mtandaoni bila ruhusa.

Na ukishuka kunja shuka, takataka tia kwenye pipa, yeye ndo anabaki kusafisha wewe ushaenda zako.