Usiku Mmoja Juu ya Kitulo Wakati wa Maua

Maua ya Kitulo hufuata mvua. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, uwanda huu wa kusini mwa Tanzania, ulio kati ya safu za milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, hujaa okidi, lobelia, mishubiri na maua mengine ambayo hata wataalamu huyainamia na kitabu mkononi. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Ukienda Agosti utapata anga safi na nyasi kavu. Ukienda Februari utapata okidi, na utaloa. Ndiyo maana karibu kila uamuzi wa safari hii, tangu saa ya kuamka hadi mahali pa kusimika hema, ni wa kukwepa maji na radi.

Njia ya kupandia ni Chimala, kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kisha kona 57 hadi Matamba. Mvua ikiwa imeshika, ulizia hali ya barabara hiyo kwanza. Wengi huzungukia Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya na Tukuyu. Hii ni hifadhi ya taifa, hivyo kibali, ada ya kulala na askari wa kufuatana nawe vipangwe kabla ya siku ya safari. Usifike getini na noti mfukoni ukitegemea zitapokelewa.

Mzigo usizidi robo ya uzito wako. Nguo za pamba ziache: zikiloa hazikauki, na baridi ya mita 2,600 usiku haina huruma. Sweta zito la sufu au la manyoya ya plastiki hupatikana kwa bei nzuri kwenye mitumba ya soko la Mwanjelwa, Mbeya. Chukua mawili, moja la kutembelea na moja la kulalia tu, na hilo la pili lisiguswe na mvua hata ukiwa unatetemeka njiani. Mfuko wa kulalia, nguo kavu na soksi za usiku vifunge ndani ya mfuko mzito wa plastiki kabla ya kuvitia begini, kwa sababu kifuniko cha begi huzuia mvua ya juu tu. Maji huingia kupitia mgongoni. Usisahau godoro jembamba la sponji. Wengi hulala na baridi wakilaumu mfuko, kumbe ni ardhi inayowanyonya joto.

Chakula kiwe cha kuiva haraka. Kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, hivyo maharage ni kupoteza gesi na wali huchukua muda kuliko ulivyozoea. Viazi vilivyochemshwa tangu nyumbani, chapati, karanga, dagaa wa kukaanga na uji vinatosha. Kopo la gesi la gramu 230 linawatosha watu wawili kwa usiku mmoja na chai ya ziada. Alfajiri moto ukidhoofika, si lazima gesi iwe imekwisha: huenda kopo limepoa. Liweke ndani ya koti dakika kumi. Moto wa kuni usiwashe. Maji beba lita tatu kila mtu. Ya vijito yachemshe au yatie dawa ya klorini.

Anza kutembea saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kawaida mawingu hujikusanya baada ya adhuhuri, kwa hiyo ifikapo saa sita uwe umemaliza sehemu ya juu ya mgongo wa mlima, hasa kama lengo lako ni Mtorwi, kilele cha mita 2,961. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo. Chini ya 30 maana yake radi iko ndani ya kilomita 10: shuka mara moja. Ukinaswa mahali wazi, achaneni hatua ishirini au zaidi, kila mtu achuchumae juu ya sponji yake miguu ikiwa pamoja, mbali na mti ulio peke yake.

Hema usilisimike kileleni wala bondeni. Kileleni kuna upepo na radi. Bondeni hewa baridi hutuama na ardhi ni tindiga. Tafuta bega la mlima upande usio na upepo, mteremko mdogo, nyasi fupi, na pasiwe na maua. Mlango uupe mgongo upepo. Acha tundu la juu wazi hata mvua ikinyesha, la sivyo pumzi zenu zitageuka matone na asubuhi mtadhani hema linavuja.

Asubuhi ukungu ukifunga, usitembee kwa kukisia. Kaa, kunywa chai, ngoja. Ramani iwe imeshapakuliwa kwenye simu, na simu ilale nawe ndani ya mfuko, kwani baridi hula betri.

Piga picha ukiwa njiani na usichimbe chochote. Viazi vya okidi, chikanda, vimechimbwa sana kwa ajili ya soko la Zambia, na mmea uliong'olewa kiazi hauoti tena.

Ukifika nyumbani anika hema siku hiyohiyo. Likikaa siku tatu limekunjwa bichi huota koga, na harufu yake haitoki kwa sabuni.