Kabla ya kuchagua chuo Dodoma kwa sababu ada ni ndogo

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haitulii. "Kaka, dogo kafaulu, chuo gani huko Dodoma ni cha bei nafuu?" Kwa kuwa naishi huku, ndugu wanadhani nina jibu mfukoni. Nami huuliza kwanza: nafuu ya ada, au nafuu ya miaka yote atakayokaa?

Tuseme kozi moja inalipiwa 1,000,000 kwa mwaka na inasomwa miaka minne, nyingine 1,200,000 kwa miaka mitatu. Ya kwanza inaonekana rahisi, ila hadi mahafali imekula 4,000,000, na ya pili 3,600,000. Na hapo chakula na kodi ya mwaka wa nne hatujavigusa. Mwenye ndoto ya udaktari ajue ni miaka mitano darasani na mmoja wa mazoezi kazini.

Kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kitakuambia sifa za kujiunga na muda wa kozi. Kuhusu pesa, tafuta mchanganuo wa ada wa chuo chenyewe na uusome hadi mstari wa mwisho. Chini ya ada kuna usajili, mitihani, kitambulisho, michango ya serikali ya wanafunzi, bima ya afya kwa asiye nayo, na 20,000 ya udhibiti ubora ya TCU. Ukiona kitu kinaitwa "tahadhari", yaani pesa ya dhamana ya uharibifu, uliza kama kinarudishwa. Uliza pia ada inalipwa kwa awamu ngapi, maana mzazi anayesubiri alizeti ya Kongwa iuzwe hawezi kulipa yote Oktoba.

Kinachowaangusha wengi ni makazi. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kina hosteli nyingi ndani ya eneo lake, ila eneo lenyewe ni kubwa mno. Usichukulie kwamba kulala chuoni ni kulala karibu na darasa. Ukikosa chumba, utapanga geto Ng'ong'ona au mitaa ya jirani, na wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Hiyo ni pesa ya siku ya kwanza, kabla hujanunua godoro. Chuo Kikuu cha St. John's, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Chuo cha Mipango kule Miyuji kila kimoja kina mtaa wake na bei zake, kwa hiyo linganisha ada pamoja na chumba. Tangu serikali ihamie hapa, vyumba vya mjini havishikiki kama zamani.

Halafu Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Dirisha lake kwa kawaida hufunguliwa mapema, kwa hiyo vyeti vya kuzaliwa, na cha kifo kama mzazi alishafariki, vihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wakati bado unasubiri matokeo. Mpwa wangu mmoja alichelewa kwa sababu jina la cheti cha kuzaliwa lilitofautiana herufi moja na la shule. Herufi moja! Ada inayofadhiliwa hupelekwa chuoni, na ya kujikimu, ile wanayoiita bumu, huingia kwa mwanafunzi. Ya chakula na malazi iliwahi kupandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Usipange kana kwamba utapata yote: wengine hupewa sehemu tu ya ada, na bumu huweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya chuo kufunguliwa. Na ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa.

Hesabu zikigoma, stashahada kwanza kisha shahada si aibu, ili mradi umehakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, na kozi hiyo inakubalika unakotaka kwenda baadaye.

Mpwa wangu sasa anajaza daftari lake la vyuo vitatu, safu moja kila chuo. Jana alinipigia kuuliza nauli ya treni ya kwenda Dar siku za likizo aiweke wapi. Nikamwambia aiandike mara mbili, kwenda na kurudi, kwa kila likizo.