Jinsi ya kuandika maelezo ya zana za ejenti wa AI, mpaka "saa tisa usiku" ieleweke

Nina ejenti (programu ya AI inayofanya kazi yenyewe) anayekatia watu tiketi za basi kwa WhatsApp, kwa kutumia zana, yaani vipande vya programu anavyoviita kufanya kazi kama kutafuta safari au kukata tiketi. Wiki ya kwanza tu abiria mmoja kaandika "nataka la Arusha la saa tisa usiku", ejenti kakata la 21:00, jamaa katokea stendi ya Mbezi na mabegi yake saa tisa usiku kweli, anaambiwa basi lako la saa tatu usiku, kaa usubiri. Nimekagua kodi (code ya programu), haina kosa. Kosa lilikuwa kwenye maneno mawili niliyoandika mwenyewe kama maelezo ya parameta (taarifa ambayo zana inahitaji kujaziwa): "Muda wa safari".

Maana modeli (AI yenyewe iliyo ndani ya ejenti) haioni kodi yako kabisa. Inaona jina la zana, maelezo, na orodha ya parameta (ile JSON Schema, muundo unaosema kila parameta ni ya aina gani), basi. Usichoandika hapo inakisia.

Hatua ya 1: jina. Yangu iliitwa `tafuta`. Tafuta nini sasa? Nikaweka `tafuta_safari_za_basi`. Usiache nafasi katikati, tumia mstari wa chini. Twende.

Hatua ya 2: maelezo yenyewe. Sema inafanya nini, itumike lini, na isitumike lini. Wengi tunaandika hilo la kwanza tu, mi kwenye zana yangu ya pili, ya kukata tiketi, nilikuwa na "Inakata tiketi" halafu nashangaa mtu anauliza nauli tu anakatiwa. Sasa hivi iko hivi:

> Hukata tiketi ya basi na kushikilia kiti. Itumie pale tu mteja ameshachagua safari moja na amekubali baada ya kutajiwa nauli. Akiuliza bei au nafasi, tumia tafuta_safari_za_basi. safari_id lazima itoke kwenye majibu ya zana hiyo, usiibuni. Inarudisha namba ya tiketi na namba ya kiti.

Hiyo "usiibuni" usiidharau, modeli ikikosa hiyo safari_id (namba ya safari) inaweza kujitungia na ukiitazama inafanana na ya kweli kabisa.

Hatua ya 3: parameta. Hapa ndo ukae, usikimbie. `saa_kuondoka` yangu ya sasa:

> Saa ya kuondoka kwa mfumo wa saa 24, HH:MM, saa za Afrika Mashariki. Mteja anataja saa za Kiswahili: saa tisa usiku ni 03:00, saa tatu usiku ni 21:00, saa moja asubuhi ni 07:00. Asiposema asubuhi, mchana au usiku, muulize kwanza.

Mwanzo niliandika sheria tu, "tofauti ni saa 6", ikawa mara inapatia mara inakosea, nilipoweka mifano ikatulia. Tarehe nayo ina mtego wake: mtu akisema "usiku wa Ijumaa", wapo wanaomaanisha Ijumaa jioni ikishaingia giza, na wapo, hasa wazee wa Pwani ambao siku kwao inaanza magharibi, wanaomaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa. Na mabasi tangu 2023 yanatembea usiku, kwa hiyo hapo unaweza kumkosesha mtu msiba. Nimeandika kwenye maelezo ya `tarehe` kwamba safari ya usiku lazima mteja arudiwe kwa maneno, "usiku wa kuamkia Jumamosi, sawa?", ndo ikatwe.

Zingine haraka haraka. Simu: tarakimu 12 kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha, ikianza na 0 itoe uweke 255. Nauli: shilingi, namba nzima, "elfu 40" ni 40000. Kituo: usiache maandishi huru, weka `enum` (orodha ya majibu yanayoruhusiwa tu), halafu kwenye maelezo useme "Mbezi" na "Magufuli" ni stendi ileile.

Hatua ya 4: ujumbe wa kosa. Nao modeli inausoma, watu wanausahau. "Error 400" haimsaidii mtu. Rudisha "Tarehe hii imepita, muulize mteja tarehe nyingine, usikate ya leo", utaona ejenti anajirekebisha mwenyewe.

Hatua ya 5: jaribu. Chukua meseji za kweli za wateja, futa majina na namba, zipitishe zote kila ukibadilisha neno, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja la sivyo hutojua kipi kimesaidia. Ila usiandike gazeti, maelezo yote yanatumwa pamoja na kila ombi na tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli inavihesabu) unalipia wewe. Ukiona zana mbili unashindwa kuzitofautisha kwa sentensi moja, ziunganishe.

Kwangu meseji inayogoma imebaki moja, "niwekee la asubuhi asubuhi hivi". Hiyo nimeshaamua, ejenti aulize tu.